Kisichongoja Kitu

Wete, saa nne ya usiku. Umeme umekatika,
laptopu imebakiwa na asilimia thelathini na moja,
nami naandika kipande cha maktaba chenye kazi moja:
kipewe mambo, kipewe mishale baina yake,
kiseme lipi litangulie.

Kanuni yenyewe Mama anaijua, ila haiiti kwa jina.
Tafuta jambo lisilosubiri lolote. Litoe.
Futa mishale iliyotoka kwake,
tazama tena lipi limebaki huru, nalo litoe.
Ndivyo anavyofumua ukili uliokosewa:
havuti katikati,
hutafuta ncha.

Sikuwa na data ya kujaribia, nikatumia harusi ya Mwanakheri.
Tui linangoja nazi ikunwe, nazi inangoja kufuliwa,
wali unangoja tui, wageni wanangoja wali
na wali hauwangoji.
Kadi zinamngoja Bwana Hamad aamue
aandikwe Alhaji, au yatosha Bwana.

Jana orodha ilisema turubai kwanza. Leo yasema nazi.
"Mashine yako kigeugeu," akasema Mama.
Nikamweleza: zote mbili sahihi,
hakuna mshale kati ya nazi na turubai.
"Basi bora ningemuuliza Bi Tumu.
Angenipa moja tu, ya makosa,
nikatulia."

Usiku wa tatu ikagoma. Maandishi mekundu: *duara*.
Nikalifuata kwa kidole juu ya kioo.
Fundi Makame hakati kitambaa kabla ya kupewa nusu ya fedha.
Nusu yatoka kwa mjomba Kombo.
Mjomba Kombo hatoi hata shilingi
mpaka aione nguo ilivyokaa mwilini.
Kila mmoja ana haki yake,
kila mmoja kaukalia mlango wa mwenzake.

Mie nimeifundisha mashine kusema kweli hapo: haipangiki.
Mama hakusema haipangiki.
Alivaa baibui akaenda kwa fundi,
akavua bangili moja, akaiweka juu ya cherehani.
Asubuhi mshale mmoja haukuwepo.
Sikujua hilo niliandikeje katika msimbo.
Niliacha maelezo tu, mstari mmoja:
*hapa aingilie mtu.*

Lakini si duara linaloninyima usingizi.

Katika kila mpango, kila nikiendesha,
juu ya nazi, juu ya turubai, juu ya Alhaji,
limekaa jambo nililoliingiza usiku mmoja nikisinzia:
*kumpigia Shaame.*
Haliingiwi na mshale, wala halitoi.
Wali utaiva bila ya Shaame,
hina itashika, kadi zitafika.
Mwaka wa sita huu tangu tugawane mikarafuu ya Mtambwe,
kumi na saba kwake, kumi na saba kwangu,
na mmoja uliozidi
umekauka tukiwa bado tunaugombea.

Kisichongoja kitu hutangulizwa. Ndiyo kanuni,
nimeiandika kwa mkono wangu, nimeipima mara arubaini.
Na kila usiku nimeisoma orodha
kuanzia mstari wa pili.

Asilimia tisa. Naendesha tena.
Jaribio la mwisho, najiambia, kisha nizime.
Majina yanashuka taratibu: turubai, nazi, mchele,
fundi Makame aliyefunguliwa na bangili,
Bwana Hamad, ambaye hatimaye ni Alhaji.
Juu kabisa, lile lile.

Simu iko hapa, kando ya mshumaa.
Namba yake ya Tanga sijaifuta,
wala sihitaji kuitafuta.
Naangalia ni mshale gani unaonizuia,
natafuta unakotoka,
sioni.

Saa nne na nusu.
Shaame hakuwa mtu wa kulala mapema.